Si Mkenya, basi wa wapi? Historia fupi ya kweli, uongo na leja ya wavuvi

Najua nimepotea, kazi zilinizidi na stima nazo zikafanya vitimbi vyake. Mara ya mwisho niliahidi tungeendelea na hifadhidata. Ahadi iko palepale, ila leo nitapitia njia ndefu kidogo: Ugiriki, Baghdad, Ireland, halafu turudi nyumbani Majoreni. Wanaotaka msimbo pekee wateremke chini, wataukuta. Wengine vuteni viti.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa bado mwanafunzi chuoni, nimekuja nyumbani likizo. Kikundi kimoja cha wavuvi kilikuwa na daftari la wanachama, kurasa zimelowa maji ya chumvi na wino umetawanyika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejulikana kama "kijana wa kompyuta", nikaombwa niingize yale majina kwenye mashine. Jina, namba ya kitambulisho, chombo, zana, uraia. Nilidhani ni kazi ya jioni tatu tu. Nikaunda jedwali na programu ndogo ya kuchapa orodha mbili, wavuvi Wakenya na wavuvi wageni, maana wageni walitakiwa kutafutiwa vibali vyao kando.

Nilipojumlisha orodha mbili, hesabu haikufika idadi ya watu waliomo daftarini. Kuna watu walikuwa hawapo upande huu wala upande ule. Nikachunguza nikaona ni wale wasio na namba ya kitambulisho. Safu yao ya uraia ilikuwa tupu. Nami nikafanya kile anachofanya kijana mwenye haraka: nikaongeza mstari mmoja unaosema safu ikiwa tupu, andika "Mgeni". Hesabu ikalingana. Nikachapa, karatasi ikabandikwa ukutani bandani, nikaenda zangu kulala nikijiona fundi.

Kesho yake mzee mmoja jirani yetu akanisimamisha njiani. Mimi nimezaliwa nikamkuta akivua, na baba yangu vilevile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia ile mashine yako imeniandika mgeni."

"Ni kwa sababu huna namba ya kitambulisho, babu."

"Hilo kweli, sina. Sasa niambie, mgeni wa wapi?"

Sikuwa na jibu. Yule mzee alizaliwa hapa, akakulia hapa, akaoa hapa. Wazee wake ndio waliotoka Pemba. Yeye Pemba hajawahi kuiona. Serikali ya Kenya haikumtambua kuwa wake, na ya Tanzania haikuwahi hata kumsikia. Nami kwa mstari mmoja wa msimbo nikawa nimemhamisha nchi, na nchi yenyewe siijui.

Nilikwenda nyumbani nikafungua vitabu vya somo la mantiki, lile tulilolipita mwaka wa kwanza kwa kukariri tu. Haya ninayoandika leo ndiyo niliyoyapata.

KANUSHA, HALAFU TOA KINYUME

Aliyeanza kuziandika kanuni hizi kwa mpangilio, kwa upande wa Ugiriki, ni Aristotle, aliyeishi kati ya 384 na 322 kabla ya Kristo. Kanuni aliyoiona kuwa imara kuliko zote ni ya ukinzani: kitu hakiwezi kuwa na sifa fulani na wakati huohuo kutokuwa nayo, kwa upande uleule. Alikiri kwamba kanuni hii haithibitishwi kwa kanuni nyingine, maana uthibitisho wowote huitegemea yenyewe. Alichofanya ni kumwambia anayeipinga: hebu sema neno moja tu lenye maana. Akishalisema, basi ameshakubali kwamba neno hilo lina maana fulani na si kinyume chake. Amenaswa.

Lakini kilichonigusa zaidi ni tofauti aliyoiweka kati ya aina mbili za kupingana. Sisi tuliosoma Kiswahili shule ya msingi tunazijua zote mbili, ila hakuna aliyetuambia kwamba ile ilikuwa mantiki. Mwalimu alikuwa akisema: kanusha sentensi ifuatayo. Halafu swali la pili: andika kinyume chake.

Juma anapanda mnazi.

Kanusho: Juma hapandi mnazi. Kinyume: Juma anashuka mnazi.

Ukiandika kanusho mahali pa kinyume unakosa maksi, na mwalimu yuko sahihi. Sentensi na kanusho lake haziwezi kuwa kweli zote mbili, wala haziwezi kuwa uongo zote mbili. Lazima moja iwe kweli. Sentensi na kinyume chake haziwezi kuwa kweli zote mbili, lakini ZINAWEZA kuwa uongo zote mbili. Juma anaweza kuwa hapandi wala hashuki, amekaa chini kivulini anakunywa dafu.

Wavuvi wanalijua hili bila Aristotle. Maji yakiwa hayajai, si lazima yawe yanakupwa. Kuna kipindi yanasimama.

Sasa turudi kwa mzee wetu. "Mkenya" na "si Mkenya" ni kauli na kanusho lake. "Mkenya" na "Mtanzania" ni maneno mawili tofauti kabisa, na mtu anaweza kukosa yote mawili. Programu yangu ilikuwa na masanduku mawili tu, nikayachukua kana kwamba moja ni kanusho la jingine. Kumbe nilikuwa nimesema hivi: Juma hapandi, kwa hiyo anashuka. Na yeye yuko chini anakunywa dafu.

SAA NANE NA BENDERA NYEKUNDU

Neno lenyewe "mantiki" tumelipata kwa Waarabu. Katika karne ya 9 huko Baghdad, watu kama Hunayn ibn Ishaq na mwanawe Ishaq walitafsiri vitabu vya Kigiriki, na baadaye Al-Farabi (aliyefariki 950) na Ibn Sina (aliyefariki 1037) wakaviendeleza mbali zaidi. Kwa kanusho wakatumia neno naqidh, na kwa kinyume wakatumia didd. Yaangalieni vizuri maneno haya. Didd ndilo "dhidi" letu la kila siku. Na ukinzani wenyewe wakauita tanaqud, ambalo wanafunzi wa fasihi walikutana nalo kwa jina la "tanakuzi". Tumekuwa na vifaa hivi nyumbani muda wote, vimetundikwa ukutani.

Walimu wa mantiki wa Kiislamu walifanya jambo moja ambalo kila mtengeneza programu angelipenda: waliorodhesha masharti. Ili kauli mbili zihesabiwe kuwa zinakinzana kweli, sharti zilingane katika mambo manane, mojawapo ni mtu au kitu kinachozungumziwa, jingine ni wakati, jingine mahali, jingine ni upande unaohusika. Likikosekana moja, huenda hakuna ukinzani, ila watu wawili wanazungumza mambo mawili.

Mfano rahisi. Mama anasema sasa ni saa nane mchana. Seva yangu inasema ni 14:00. Mgeni wa hotelini Diani anasema kwa Kiingereza ni saa mbili. Hakuna muongo hapo. Mama anahesabu tangu alfajiri, mgeni tangu adhuhuri, na seva tangu usiku wa manane. Anayedhani wanabishana ndiye atakayekosa gari.

Mfano wa pili ni wa kihistoria, na unaihusu ardhi hii tunayoikanyaga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Sultani wa Zanzibar ana ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka baharini. Katika makubaliano hayohayo wakachora mstari wa kugawana bara, ukianzia mdomoni mwa mto Umba, hapa jirani na Vanga. Mwaka 1890 Zanzibar yenyewe, Unguja na Pemba, ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1895 Sultani akawakabidhi Waingereza uendeshaji wa ukanda wake wa huku. Mwaka 1920 bara ikawa Koloni la Kenya, na ukanda wetu ukaitwa Himaya ya Kenya. Kwa hiyo mtu aliyesema mwaka 1950 kwamba Majoreni ni ya Sultani alisema kweli, na aliyesema inatawaliwa na Mwingereza kutoka Nairobi naye alisema kweli. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus hadi 1963, na afisa wa wilaya alikuwa Mwingereza. Umiliki upande mmoja, uendeshaji upande mwingine. Upande si uleule, kwa hiyo hakuna ukinzani.

Nimeeleza haya kwa sababu. Mvuvi aliyetoka Pemba akahamia ufuo huu miaka ile alitoka kwenye nchi ya Sultani akaingia kwenye nchi ya Sultani. Alivuka bahari tu. Ni mpaka ndio uliokuja baadaye, ukamkuta ameshatandaza nyavu.

BOOLE NA KUNDI LA WALIOBAKI

Turuke hadi 1847. Mwaka huo huko Uingereza vilichapishwa vitabu viwili vya mantiki, kimoja cha Augustus De Morgan na kingine cha George Boole, mtoto wa fundi viatu ambaye wakati huo hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Boole baadaye akawa profesa huko Cork, Ireland, na mwaka 1854 akatoa kitabu chake kikubwa. Wazo lake: tuiandike mantiki kama aljebra.

Chukua 1 iwe watu wote. Chukua x iwe kundi la Wakenya. Kuzidisha maana yake ni kuchagua walio katika makundi yote mawili. Ukichagua Wakenya, kisha kati yao ukachagua Wakenya, unabaki na walewale. Kwa hiyo x mara x ni x. Sogeza upande mmoja upate:

x (1 − x) = 0

Boole aliitazama akaona ni ileile kanuni ya Aristotle. Hakuna mtu aliye ndani ya kundi na nje ya kundi kwa pamoja. Zaidi ya miaka 2,000 ya falsafa ikakaa kwenye mstari mmoja unaoweza kuandikwa mchangani kwa kidole. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa kijana wa miaka 21 huko MIT, akaonyesha katika tasnifu yake kwamba aljebra hiyohiyo inaweza kueleza saketi za swichi. Kutoka hapo ndipo tunapopata kompyuta tulizonazo.

Ila sasa angalieni lile 1 − x. Hilo ni kundi la wote waliobaki. Boole hakusema popote kwamba waliobaki wana jina moja, wala kwamba wana kwao mahali pengine. Ni waliobaki tu.

De Morgan naye anajulikana kwa kanuni mbili ambazo kila mwanafunzi wa kompyuta amezikariri. Moja inasema: kukanusha "A na B" si kukanusha vyote viwili. Ni kusema kwamba angalau kimoja kimekosekana. Mtu akikwambia "huna kitambulisho na cheti cha kuzaliwa", hujui bado kakosa kipi. Ishikeni hiyo, tunaihitaji sasa hivi.

KATIBA KAMA MSTARI WA MSIMBO

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miezi miwili kabla, tarehe 8 Oktoba, ulitiwa saini mkataba uliouingiza ukanda wa pwani katika Kenya. Zanzibar ikapata uhuru wake tarehe 10 Desemba, mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili 1964 ikaungana na Tanganyika. Katika kipindi cha chini ya miezi saba, Majoreni na Pemba zikawa katika nchi mbili tofauti.

Katiba ya uhuru ya Kenya iliweka sharti la nani anakuwa raia moja kwa moja. Ukiacha masharti mengine, kiini chake unaweza kukiandika hivi:

raia = kuzaliwa Kenya NA (baba kuzaliwa Kenya AU mama kuzaliwa Kenya)

Aliyezaliwa Kenya lakini wazazi wote wawili wakawa wamezaliwa nje, alipewa miaka miwili aombe kuandikishwa. Hapo mnamuona De Morgan. Mtu anayeshindwa sharti hili si lazima awe amezaliwa nje. Huenda amezaliwa palepale, ila baba na mama walifika kwa mashua.

Na kuna tatizo kubwa zaidi. Fomula hii inadhani kila kipengele kina jibu, ndiyo au la. Mzee wetu alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga. Hakuna cheti. Mama yake alizaliwa wapi? Familia inajua. Ofisini hakuna karatasi. Kwa hiyo thamani ya kipengele si kweli, wala si uongo. Haijulikani.

Mantiki yenye thamani ya tatu si jambo geni. Aristotle mwenyewe alihangaika na kauli kama "kesho kutakuwa na vita baharini", akauliza kama leo ni kweli au uongo. Mpolandi Jan Łukasiewicz akaitengenezea mfumo wa thamani tatu mwaka 1920, na Mmarekani Stephen Kleene akatoa mwaka 1938 majedwali yanayofaa kwa "haijulikani". Yanakwenda hivi:

Kweli NA haijulikani = haijulikani
Uongo NA haijulikani = uongo
Kweli AU haijulikani = kweli
SI haijulikani = haijulikani

Mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Ukikanusha usichokijua, hupati ujuzi. Unabaki hujui. Sasa weka maisha ya yule mzee kwenye fomula: kila upande unarudisha "haijulikani". Jibu sahihi la ofisi lilikuwa "hatujui, tuchunguze". Lakini fomu ina visanduku viwili.

HAJAANDIKWA, AU HAYUPO?

Mwaka 1978 Raymond Reiter aliandika kuhusu dhana aliyoiita ulimwengu uliofungwa. Maana yake: kisichoandikwa kwenye hifadhidata, kichukulie kuwa ni uongo. Kuna mahali dhana hii inafaa sana. Kama ratiba ya mabasi haina basi la saa tisa usiku, basi halipo. Ratiba inajulikana kuwa imekamilika. Lakini rejista ya watu wa pwani, ambako watoto wengi walizaliwa nyumbani, haikuwahi kukamilika. Ukiifunga kabla haijajaa, unawafungia watu nje.

Kiswahili kinajilinda vizuri na kosa hili. Tuna "hakuandikwa" na tuna "hajaandikwa". Ile ya pili ina "bado" ndani yake. Mtu akiuliza kama mvuvi fulani amerudi, hatusemi "hakurudi" mpaka tuwe na uhakika wa msiba. Tunasema "hajarudi", tunaendelea kutazama bahari. Bibi zetu wanatumia thamani ya tatu kila siku jioni, na mimi mwenye shahada nikaisahau.

Haya, msimbo niliouahidi. Tuseme jedwali lina wavuvi 10: Wakenya 6, Mtanzania 1, na 3 ambao safu yao ya uraia ni tupu, ambayo SQL huiandika NULL.

SELECT COUNT(*) FROM wavuvi WHERE uraia = 'Mkenya';
Jibu: 6

SELECT COUNT(*) FROM wavuvi WHERE uraia <> 'Mkenya';
Jibu: 1

Sita na moja ni saba. Watatu wamekwenda wapi? Wako kwenye jedwali, ila hawajibu swali lolote kati ya hayo mawili. Edgar Codd, aliyebuni hifadhidata za kihusiano mwaka 1970, ndiye aliyetaka data iliyokosekana ishughulikiwe kwa mantiki ya thamani tatu. Ukilinganisha NULL na "Mkenya", jibu ni haijulikani, na WHERE huchukua mistari ambayo ni kweli tu. Ukitaka kuwaona, lazima uwaulizie waziwazi:

SELECT COUNT(*) FROM wavuvi WHERE uraia IS NULL;
Jibu: 3

Watu wengi huilaumu SQL kwa hili. Mimi siku hizi naona ilikuwa inaniambia ukweli. Ilisema "hawa sijui". Nikainyamazisha kwa mstari mmoja ili hesabu ipendeze.

KUREKEBISHA VIBAYA, KISHA VIZURI

Nitawaambia na marekebisho yangu ya kwanza, maana nayo yana funzo. Kwa aibu niliyokuwa nayo nikataka kumridhisha kila mtu: wasio na kitambulisho nikawaweka kwenye orodha ZOTE mbili. Kwa wazee ni wenyeji, kwa ofisi ni wageni. Hapo ndipo nilipokutana na ukinzani wenyewe, uso kwa uso.

Wanamantiki wa zama za kati huko Ulaya waligundua, tangu karne ya 12, kwamba ukiruhusu ukinzani mmoja tu, unaweza kuthibitisha chochote. Fuata hatua. Chukua kwamba "babu ni Mkenya" ni kweli. Basi "babu ni Mkenya AU Mombasa iko Uganda" ni kweli, maana upande mmoja ukiwa kweli unatosha. Lakini leja inasema pia "babu si Mkenya". Upande wa kwanza umekufa, unabaki wa pili: Mombasa iko Uganda. Umethibitisha.

Mnaweza kucheka, lakini leja inayosema mambo mawili yanayokinzana hufanya kazi hivyohivyo mikononi mwa watu. Akitaka kukutoza kibali anasoma orodha hii. Akitaka mchango wa kijiji anasoma ile. Chochote anachokitaka, leja inamthibitishia. Pengo linaficha mtu. Ukinzani unampa kila mtu fimbo ya kumpigia.

Marekebisho ya pili ndiyo yaliyobaki. Nilitenganisha mambo niliyoyachanganya. Safu moja: amezaliwa wapi, kwa maelezo yake. Safu ya pili: anaishi wapi. Safu ya tatu: ana hati gani. Na uraia ukaruhusiwa kuwa "haijathibitishwa", neno kamili linaloonekana kwenye karatasi, likiwa na orodha yake ya tatu ukutani. Neno "Mgeni" nikalifuta, mpaka pawe na nchi mbele yake. Mgeni wa wapi? Kama huna jibu, usiandike.

KILICHOFUATA

Huku Kwale tulikuwa tayari tumeona mfano. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa, waliishi hapa vizazi na vizazi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walianza safari ya kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi, wakapokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, akaamuru waandikishwe. Watu wakawaita kabila la 43. Sheria ya uraia ya 2011 ilikuwa tayari ina kifungu kuhusu watu wasio na utaifa walioishi Kenya tangu uhuru. Nchi ilikuwa na thamani ya tatu katika vitabu vyake. Ilibidi watu watembee kwa miguu ili isomwe.

Wapemba walisubiri zaidi. Kesi yao ilikuwa ngumu kwa sababu chini ya jina moja mlikuwa na watu wa nyakati tofauti: waliokuja enzi za Sultani, waliokuja baada ya mapinduzi, na zaidi ya 2,000 waliokimbilia Shimoni baada ya mauaji ya Januari 2001 huko Pemba, ambao wengi wao walirejea. Swali moja la ndiyo au la lisingeweza kuwajibu wote. Tarehe 28 Julai 2023, huko Kilifi, Rais William Ruto akaongoza hafla ya kuitambua jamii ya Wapemba kuwa mojawapo ya jamii za Kenya, na watu wakaanza kupata hati. Kutoka 1963 hadi 2023 ni miaka 60. Kwa miaka yote hiyo, mtu bila kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, na tangu simu za mkononi zienee hawezi kusajili laini kwa jina lake, kwa hiyo pesa yake ya samaki inapitia kwenye simu ya jirani.

Mzee wangu alipata kitambulisho. Nilikwenda kumpa pongezi. Alikuwa amekiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kofia.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "wewe ndiye mtu wa kweli na uongo. Nimekuwa Mkenya mwaka huu, au nilikuwa tangu zamani ila hawakujua?"

Nikamjibu kwamba sheria ina tarehe, na uraia kwenye karatasi huanza tarehe hiyo. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya karatasi. Nauliza mimi."

Wanamantiki wana maneno mawili tofauti, ukweli na uthibitisho, na tangu Kurt Gödel mwaka 1931 tunajua kwamba hata kwenye hesabu kitu kinaweza kuwa kweli na mfumo usiweze kukithibitisha. Sikumwambia hayo. Nilisema tu kwamba kwenye leja yangu safu ya "amezaliwa wapi" ilikuwa imeandikwa Majoreni tangu 2019, na kwamba hiyo sikuibadilisha. Akasema hiyo inatosha, akaniuliza kama nimekula.

Basi niishie hapo. Mara ijayo tutaangalia jinsi ya kutunza tarehe kwenye hifadhidata, pamoja na lile balaa la saa ya Kiswahili. Na wewe unayetengeneza fomu hapo ulipo, kabla hujaiweka hewani, hebu hesabu visanduku vyako kwanza.